Mchoro Ukishauzwa, Ni wa Nani?

Katika biashara ya uchoraji wa vielelezo na katuni kuna ubishi usiokwisha. Mteja husema: nimelipa, kwa hiyo mchoro ni wangu. Mchoraji hujibu: nimeuchora mimi, kwa hiyo ni wangu hata kama umelipa. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na mara nyingi hawabishanii kitu kimoja, kwa sababu kile tunachokiita mchoro katika mazungumzo ya kawaida ni mali kadhaa zilizobebana: karatasi au faili lenyewe, haki ya kutoa nakala, haki ya kuubadili na kuuendeleza, mhusika aliyezaliwa ndani yake, jina la mhusika huyo, na haki ya aliyeuchora kutajwa. Kila moja kati ya hizo yaweza kuuzwa, kukodishwa au kubakizwa peke yake. Kwa mchoraji wa kibiashara, yaani yule anayechorea magazeti, vitabu, matangazo, vifungashio na filamu, mgawanyo wa mali hizo ndio ulioamua mara nyingi kama atazeeka na riziki au bila riziki, na uliamua hivyo kuliko ustadi wa mkono wake.

Lililo rahisi kulitambua ni tofauti kati ya kitu na haki ya kukinakili. Anayenunua kitabu dukani anakimiliki. Anaweza kukisoma, kukiazimisha, hata kukichoma moto, ila hana ruhusa ya kukichapisha upya na kukiuza. Vivyo hivyo, aliyenunua karatasi iliyochorwa kwa wino amenunua karatasi, na kama mkataba haukusema vingine, hajanunua ruhusa ya kuitia picha hiyo kwenye fulana. Kinyume chake nacho ni kweli, na hapo ndipo wachoraji wengi wa karne iliyopita walipopunjwa: mchapishaji aliyelipa ili achapishe mchoro hakuwa, kwa kulipa huko peke yake, amenunua karatasi. Hata hivyo wachapishaji walizishika karatasi hizo kana kwamba ni zao, wakawagawia wageni, wakazirundika maghalani au wakazitupa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba siku moja zingekuwa na bei. Jack Kirby, aliyeshiriki kuwabuni wahusika wengi mashuhuri wa kampuni ya Marvel, alidai kurasa zake katika miaka ya 1980. Wenzake walirudishiwa za kwao baada ya kutia saini hati fupi ya ukurasa mmoja. Yeye aliletewa hati ya kurasa nne, yenye masharti ambayo wengine hawakuwekewa. Akakataa, na mgogoro ukageuka kuwa wa hadharani. Mwaka 1987 hatimaye alipata sehemu tu ya maelfu ya kurasa alizokuwa amechora.

Hiyo haki ya kutoa nakala haikuwafikia wachoraji kwa hisani ya mtu. William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa picha za bamba la shaba wa London, alitoa mwaka 1732 mfululizo wa picha sita uliouzika sana, na wachapaji wasiomlipa chochote wakaharakisha kuuiga na kuuza nakala zao kwa bei ya chini. Hogarth na wenzake wakapeleka ombi bungeni. Sheria iliyotokana na ombi hilo, ambayo Waingereza huiita kwa jina lake hadi leo, ilianza kazi mwezi Juni 1735 na kumpa mbunifu wa picha ya kuchongwa miaka 14 ya kuwa peke yake mwenye haki ya kuichapa. Mfululizo wake uliofuata ulikuwa tayari kabla ya siku hiyo, lakini aliuzuia usitoke mpaka sheria ishike. Wanaopenda kumsifu Hogarth kwa kejeli yake ya kijamii wasilisahau hilo: alikuwa pia mfanyabiashara aliyejua hasa anachokiuza.

Jambo linakuwa gumu zaidi mchoro unapokuwa na mhusika anayerudi wiki baada ya wiki. Karatasi ya wiki iliyopita imeshalipiwa na kuchapishwa, sawa. Lakini je, huyu mtoto aliyemo ndani yake, ambaye wasomaji wanamsubiri Jumapili ijayo, ni wa nani? Swali hili lililipuka katika magazeti ya New York mwishoni mwa karne ya 19. Mchoraji Richard Outcault alikuwa akimchorea Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la New York World, mvulana mwenye upara na kanzu ya njano aliyejulikana kama Yellow Kid. Mwaka 1896 William Randolph Hearst, mwenye gazeti shindani, alimvuta Outcault kwa fedha zaidi, na mvulana akahama naye. Pulitzer hakukubali kushindwa. Alimwajiri mchoraji George Luks aendelee kumchora mvulana yuleyule, na kwa muda wasomaji wa mji mmoja wakawa na watoto wawili wa kanzu ya njano katika magazeti mawili yanayochukiana. Miaka michache baadaye Outcault, safari hii akiwa na mhusika Buster Brown katika gazeti la New York Herald, alihamia tena kwa Hearst, na kesi ikaenda mahakamani. Uamuzi ulikuwa wa kupasua nazi: gazeti libaki na jina Buster Brown, na mchoraji abaki na haki ya kumchora kijana yule, mradi asimwite kwa jina hilo. Rudolph Dirks, mchoraji wa The Katzenjammer Kids, alipitia njia hiyohiyo katika muongo uliofuata; mwajiri wake wa zamani alibaki na jina la katuni, naye akaenda na watoto wake kwenye gazeti lingine chini ya jina jipya.

Hukumu hizo zinafaa kusomwa taratibu, kwa sababu ndizo zilizoonyesha wazi kwamba jina na sura ni mali mbili. Jina la katuni hufanya kazi kama alama ya biashara: humwambia msomaji bidhaa hii imetoka wapi. Sura na mwenendo wa mhusika hulindwa na hakimiliki, ambayo humlinda mbunifu. Mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine, na aliye na moja tu hupata tabu, kwani sura isiyo na jina haipatikani kirahisi, na jina lisilo na mchoraji wake huchuja upesi.

Wapo waliojifunza mapema. Bud Fisher alianza katuni ya kila siku katika gazeti la San Francisco Chronicle mwezi Novemba 1907, akiwa na mhusika aliyekuja kuwa nusu ya jozi ya katuni ya Mutt and Jeff. Alipopata nafasi katika gazeti shindani kabla ya mwaka kwisha, alifanya jambo dogo kabla ya kuondoka: katika michoro yake ya mwisho pale Chronicle aliandika mwenyewe, pembeni, kwamba hakimiliki ni ya H. C. Fisher. Maneno machache ya wino ndani ya kisanduku cha katuni. Gazeti lilipojaribu kumweka mtu mwingine aendeleze katuni hiyo, alipinga na ikaachwa; na alipokuja kupambana baadaye na kampuni ya Hearst, mahakama ya juu ya jimbo la New York ilimpa ushindi mwaka 1921. Fisher akawa miongoni mwa wachora katuni matajiri kabisa wa zama zake. Milton Caniff alichagua njia ya gharama zaidi. Alikuwa amechora Terry and the Pirates tangu 1934, katuni iliyopendwa mno, lakini haikuwa mali yake. Mwishoni mwa 1946 aliiacha kwa hiari, ikakabidhiwa mchoraji mwingine, na Januari 1947 akaanza upya na Steve Canyon, ambayo safari hii ilikuwa yake. Kumwacha mhusika wa miaka kumi na miwili anayekulisha ili uanze na mgeni asiyejulikana si uamuzi mwepesi, na ukubwa wa gharama hiyo ndio kipimo kizuri cha thamani ya umiliki.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Jerry Siegel na Joe Shuster, wabunifu wa Superman, na kwa kawaida hutajwa vibaya. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba vijana wawili waliuza Superman kwa dola 130, na msikilizaji hutikisa kichwa kwa ule uduni wa bei. Hundi yenyewe ipo, na mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Imeandikwa tarehe 1 Machi 1938, ni ya dola 412, na inaorodhesha kazi kadhaa walizokuwa wakidai, kila moja na mstari wake. Superman ana mstari wake wa dola 130. Mstari wa jarida la Detective Comics una dola 210. Yaani hata siku ile Superman hakuwa kitu cha bei kubwa zaidi katika hundi ile. Na zile dola 130 hazikuwa za dhuluma kama zikitazamwa kuwa ujira: zilikuwa malipo ya kurasa 13 kwa dola 10 kila ukurasa, kiwango cha kawaida cha majarida ya wakati huo. Kosa halikuwa katika bei ya kurasa. Vijana hao, wote wawili wakiwa na miaka 23, walitia saini hati iliyohamisha pamoja na kurasa hizo haki zote za mhusika, milele, na mhusika hakuwekewa bei yoyote katika hundi. Alifuatana na kurasa bure.

Yaliyofuata yalichukua maisha yao yote. Mwaka 1947 waliishtaki kampuni iliyomnunua Superman, na mwaka uliofuata suluhu ikawapa fedha kiasi lakini ikawaondolea Superman na pia majina yao katika kazi hiyo. Ilipofika 1975, Shuster akiwa amepoteza uwezo mkubwa wa kuona, wachora katuni wenzao wakiongozwa na Neal Adams na Jerry Robinson waliisukuma kampuni kwa kelele za hadharani, si kwa sheria, hadi ikakubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Sheria haikuwa na la kuwasaidia wakati huo. Aibu ndiyo iliyowasaidia.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mchoraji huanza akiwa na haki zote kisha anaziuza. Si mara zote. Swali la kwanza la kisheria, ambalo watu wengi hulifikia mwisho, ni hili: nani anahesabiwa kuwa mtunzi? Nchini Marekani, kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake huhesabiwa tangu mwanzo kuwa imetungwa na mwajiri. Mchoraji anayekaa katika ofisi ya studio ya uhuishaji, anayepokea mshahara na kukatwa kodi, hauzi chochote kwa mwajiri wake, kwa sababu kisheria hakuwahi kuwa na cha kuuza. Mchoraji huru aliyepewa agizo yuko katika hali nyingine. Sheria ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika Januari 1978, inataka mambo mawili ndipo kazi ya kuagizwa ihesabiwe kama ya ajira: iwe katika moja ya makundi tisa yaliyotajwa, ambayo ni pamoja na michango katika majarida, sehemu za filamu na vielelezo vya kusindikiza kazi ya mwingine, na pande zote mbili ziwe zimekubaliana hivyo kwa maandishi yenye saini. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ilisisitiza mpaka huo katika kesi ya mchonga sanamu James Earl Reid. Shirika moja la kutetea wasio na makazi lilikuwa limemwagiza sanamu na kumpa maelekezo mengi, likaona kwamba kwa hiyo sanamu ni lake. Mahakama ilisema kutoa maelekezo hakumfanyi mtu kuwa mwajiri. Reid alitumia vifaa vyake, karakana yake na saa zake, na hakuwa mwajiriwa.

Tofauti hii ina matokeo ya miaka mingi mbele. Mchoraji huru aliyehamisha haki zake Marekani tangu mwaka 1978 anaweza, baada ya miaka 35 na kwa kutoa notisi mapema, kuzirudisha, hata kama mkataba ulisema ni za milele. Sheria ilitambua kwamba kijana anayeuza kazi yake ya kwanza hajui thamani yake. Lakini aliyetia saini kwamba kazi yake ni ya ajira hana nafasi hiyo kabisa. Ndiyo maana sentensi moja katika mkataba, ile inayosema kazi itahesabiwa kuwa imefanywa kwa ajira, ina uzito kuliko kurasa nzima za maelezo ya malipo. Nchi nyingine zimejenga ukuta tofauti. Ujerumani hairuhusu mtunzi kuhamisha hakimiliki yake akiwa hai. Anaweza tu kutoa haki za matumizi, ingawa haki hizo zaweza kuwa pana kiasi kwamba kinachobaki mkononi mwake ni kidogo. Ufaransa inamwachia mtunzi haki za kimaadili ambazo haziuziki na hazifi, yaani haki ya kutajwa na haki ya kuzuia kazi yake isiharibiwe. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886, uliingiza haki za namna hiyo mwaka 1928 katika marekebisho ya Roma. Marekani ilijiunga na mkataba huo mwaka 1989, na hata baada ya kujiunga imezitoa haki hizo kwa mkono mgumu.

Haki ya kutajwa huonekana ya heshima tu mpaka mtu atazame maisha ya Carl Barks. Kwa zaidi ya miaka ishirini Barks aliandika na kuchora hadithi za bata wa Disney, na mwaka 1947 akambuni bata tajiri bahili, Scrooge McDuck. Hakuwa akiweka jina. Kila ukurasa ulitoka kwa jina la Disney. Wasomaji, watoto wengi miongoni mwao, waliweza kuitambua kazi yake katikati ya kazi za wengine na wakamwita mchoraji mzuri wa bata, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kumwita. Jina lake lilianza kujulikana mnamo 1960, karibu na kustaafu kwake. Mwaka 1971, akiwa mzee, alilazimika kuiomba Disney ruhusa ya kuwachora kwa rangi za mafuta bata aliowaendeleza yeye mwenyewe, akapewa, na mwaka 1976 ruhusa ikaondolewa baada ya mtu mwingine kuuza nakala zisizoidhinishwa. Hakuna aliyevunja sheria hapo kwa upande wa kampuni. Mchoraji asiyetajwa hawezi kumwonyesha mteja mpya kazi zake, hawezi kupandisha bei, na hawezi kuhama na wasomaji wake. Kwa hiyo kutajwa ni sehemu ya ujira, na mkataba usiolizungumzia umemkata mchoraji fedha za kesho.

Katika kazi za kila siku, hata hivyo, mchoraji wa vielelezo anayeijua biashara yake hauzi mchoro. Hukodisha matumizi yake. Jarida likiagiza kielelezo cha nusu ukurasa kwa makala moja, ankara iliyoandikwa vizuri itasema kwamba kitachapishwa mara moja, katika toleo moja, kwa lugha moja, na kwamba kitakaa katika tovuti ya jarida kwa muda uliotajwa. Kampuni ya sabuni ikikipenda kielelezo hichohicho miezi sita baadaye na kutaka kukiweka kwenye vifungashio vyake, hayo ni matumizi mapya na malipo mapya, na kwa kawaida makubwa zaidi, kwa kuwa kifungashio kinauza bidhaa nyingi kwa muda mrefu. Hili huwakera wateja. Wanauliza kwa nini walipie zaidi mchoro ambao haukuongezewa hata mstari mmoja. Jibu ni kwamba bei inafuata kazi ambayo mchoro utafanya, wala haifuati saa zilizotumika kuuchora; mchoraji anayetoza kwa saa hujiadhibu kila anapozidi kuwa stadi.

Kuna vipengele vidogo ambavyo havionekani kuwa vya haki miliki, navyo ndivyo hasa. Mchoraji hupeleka rasimu tatu za penseli, mteja huchagua moja. Zile mbili ni za nani? Zisipotajwa, hubaki kwa mchoraji, lakini mikataba mingi ya kampuni kubwa huzifagia zote kwa maneno "kazi na rasimu zake". Kazi ikisitishwa katikati kuna ada ya kusitisha, na ankara makini huongeza kwamba ada hiyo hainunui haki yoyote ya kutumia kilichokwisha kuchorwa. Kisha kuna ombi linalotolewa kwa sauti ya kawaida kabisa, la kutumiwa faili lenye tabaka zake zote, yaani kila sehemu ya mchoro ikiwa peke yake, badala ya picha iliyokamilika. Anayelitoa huenda hana nia mbaya, lakini aliye na tabaka anaweza kumhamisha mhusika kutoka mandhari moja hadi nyingine, kubadili nguo zake na kutengeneza picha kumi mpya bila kumrudia aliyemchora. Kulituma faili hilo ni kuifungua haki ya kuubadili mchoro, na inafaa kuwekewa bei yake.

Nembo ni kisa cha peke yake. Kampuni haiwezi kukodisha alama ambayo ndiyo uso wake, kwa hiyo kuiuza moja kwa moja ni jambo la busara. Tatizo ni kwamba siku ya kuuza hakuna ajuaye kampuni itakua kiasi gani. Carolyn Davidson, akiwa mwanafunzi Portland, alibuni alama ya Nike mwaka 1971 akalipwa dola 35, kwa kiwango cha dola 2 kwa saa. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa zake na pete ya almasi. Ilikuwa zawadi; hakuna kifungu kilichoilazimisha.

Nisingependa msomaji aondoke na imani kwamba umiliki ndio kila kitu. Charles Schulz alipoanza kutoa Peanuts tarehe 2 Oktoba 1950, katika magazeti saba, katuni ilikuwa mali ya shirika la usambazaji, yaani linaloyauzia magazeti mengi katuni, na hata jina hakulichagua yeye. Alilichukia mpaka mwisho. Lakini mkataba ulimpa sehemu ya mapato, na mapato ya wanasesere, filamu na matangazo ya bima yaliyomtumia Snoopy, mbwa wa katuni hiyo, yakamfanya mmoja wa wasanii waliolipwa zaidi duniani. Bill Watterson, mchoraji wa Calvin and Hobbes kuanzia 1985 hadi 1995, alikuwa na tatizo la upande wa pili: mkataba wake wa awali uliipa kampuni ya usambazaji uwezo wa kumtia Calvin kwenye vikombe na fulana, naye hakutaka hata kikombe kimoja. Alipigania jambo hilo kwa miaka, akakataa fedha ambazo zingekuwa nyingi mno, na mwaka 1991 kampuni ikakubali kumrudishia haki hizo ingawa ilikuwa na uwezo wa kisheria kuzikalia. Tukiwaweka wawili hawa pamoja tunaona kwamba ndani ya umiliki mna mambo mawili yanayotengana: nani anapata mrabaha, na nani ana neno la mwisho kuhusu kitakachofanywa. Schulz alikuwa na la kwanza tangu mapema. Watterson alitaka la pili hata kama lingeliua la kwanza. Mchoraji anayejadili mkataba anapaswa kujua ni lipi analolihitaji yeye, kwa sababu mteja mara nyingi yuko tayari kuachia moja.

Liko pia ambalo halimilikiwi na yeyote, nalo ni mtindo. Hakimiliki hulinda mchoro ulivyochorwa. Haimlindi mchoraji dhidi ya anayejifunza kuchora kwa unene wake wa mstari, macho yake ya nukta na rangi zake hafifu, wala hailindi wazo. Mpaka huo ulipimwa vizuri katika kesi ya mchoraji Saul Steinberg. Jalada lake la jarida la The New Yorker la tarehe 29 Machi 1976 linaonyesha mitaa michache ya Manhattan kwa undani, kisha mto, kisha dunia nzima iliyobaki ikiwa imebanwa katika eneo dogo kana kwamba haina maana. Mwaka 1984 tangazo la filamu moja lilichukua mtazamo huo na kuugeuzia upande mwingine wa dunia. Mahakama ilisema mwaka 1987 kwamba wazo la mtu wa New York anayeuona mji wake kuwa ndio dunia ni huru kwa wote. Kilichowaponza watengenezaji wa tangazo ni vitu vya kuhesabika: mitaa ileile takriban minne yenye undani, utepe mwembamba wa buluu juu kuwa mbingu, mstari mwekundu wa upeo, herufi za kitoto, na majengo yenye mapambo na madirisha yaliyofanana na ya Steinberg. Steinberg alishinda kwa sababu ya madirisha, tuseme, wala si kwa sababu ya werevu wa wazo.

Kanuni hiyo ilikaa vizuri muda wote ambao kuiga mtindo kulihitaji miaka ya mazoezi. Programu za akili mnemba zinazotengeneza picha zimeuondoa mzigo huo, na mgogoro umehamia hatua moja nyuma: badala ya kuuliza kama picha iliyotoka inafanana na mchoro fulani, wachoraji wanauliza kama ilikuwa halali kunakili mamilioni ya michoro ili kuifunza programu. Mwezi Januari 2023 wasanii Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz walizifungulia kesi kampuni kadhaa za aina hiyo huko Marekani kwa hoja hiyo. Upande wa pili wa sarafu ulijibiwa mwezi uliofuata, pale ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilipoamua, kuhusu kitabu kimoja cha katuni, kwamba maneno na mpangilio wa kurasa vinalindwa kwa kuwa ni kazi ya mtu, lakini picha moja moja zilizotolewa na programu hazilindwi. Kwa mteja hilo si dogo: anayetengenezewa mhusika na programu peke yake anaweza kujikuta hana haki ya kumzuia mshindani kumtumia mhusika huyohuyo. Mikataba imeshaanza kubadilika kwa pande zote mbili. Mchoraji huweka kifungu kinachokataza kazi yake kutumiwa kuifunza programu, na mteja huweka kinachomtaka mchoraji athibitishe kwamba alichora mwenyewe.

Haki hizi zote, isipokuwa za alama ya biashara na zile za kimaadili za Ufaransa, zina mwisho wake, na mwisho huo haufiki siku moja kila mahali. Nchi nyingi huhesabu kuanzia kifo cha mtunzi, kwa kawaida miaka 50 au 70. Marekani huzihesabu kazi za ajira na kazi nyingi za zamani kuanzia siku zilipochapishwa, miaka 95. Ndiyo sababu Mickey Mouse wa filamu ya kwanza ya mwaka 1928, yule asiye na glavu, aliachiwa huru Marekani tarehe 1 Januari 2024, huku matoleo yake ya baadaye yakibaki yamefungwa na jina lake likiendelea kuwa alama ya biashara ya Disney kwa muda wote litakapotumika. Tintin, mhusika mwingine wa katuni, alichapishwa kwa mara ya kwanza Ubelgiji tarehe 10 Januari 1929, na kwa hesabu ya Marekani yule Tintin wa mwaka huo alikuwa huru kuanzia Januari 2025. Lakini Hergé aliyemchora alifariki mwaka 1983, na kwa hesabu ya Umoja wa Ulaya haki zake zinadumu hadi mwisho wa 2053. Mchoraji anayetaka kumtumia Tintin yule katika kitabu kipya leo hana budi kujua kwanza kitabu hicho kitauzwa nchi zipi, na kwa zile za Ulaya awaandikie wenye haki.